Simu Imegeuka Nyekundu na Wewe Hupo

Kabula mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi. Uliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba huku mdomo umejaa muhogo, ukanicheka. Kwa hiyo tusimalize karatasi kwa kuulizana hali. Mambo ya sweta, ya baridi ya Arusha, ya kutokula ovyo njiani na ya simu kutokaa mfuko wa nyuma, mama yako ameyasema tangu juzi, na hivi sasa anayasema tena huko chumbani huku anakunja nguo zako. Namsikia kutoka hapa. Mimi nimekaa juu ya kreti mlangoni mwa kitalu nyumba, jua linaelekea kuzama, na nina jambo la kukueleza kabla ya safari yako ya kesho.

Leo mchana, ulipokuwa Nyamagana kununua begi, simu iligeuka nyekundu.

Tulia, soma taratibu. Ukirukia mwisho nitajua, maana hata vitabu vya hadithi ulikuwa unaanzia nyuma. Barua hii nitakupa mwenyewe asubuhi, kabla hatujavuka daraja, ili uamue ukiwa umejua kila kitu. Wiki iliyopita ulinitazama usoni ukasema, "Baba, ikija nyekundu na mimi sipo, utafanya nini? Kama ni kukimbilia bomba la dawa, basi mimi siendi." Nilikasirika. Nikakujibu kwamba mimi ni mtu mzima. Hilo halikuwa jibu, na wewe ulijua si jibu. Tangu siku hiyo nguo zako ziko kitandani, unazikunja, unazikunjua. Leo ulipoaga kwamba unakwenda kutafuta begi nilijisemea, haya, angalau nusu ya moyo imekubali.

Sasa ili uelewe nilichofanya mchana, nikurudishe kidogo Kigongo.

Kazi yangu ya kivuko unaijua kwa jina tu. Nilikuwa mpangaji wa magari. Gari linakuja, mimi naamua lipande au lisubiri, na likipanda likae kulia, kushoto au katikati. Ilikuwa kazi ya macho, na mimi macho yangu niliyapenda kupita kiasi. Kisha ikaletwa pimamaji, ile ya fundi mwashi lakini kubwa, ikafungwa karibu na chumba cha nahodha. Tone la hewa likikaa katikati, chombo kimelala sawa. Likikimbilia upande, upande wa pili umezidi uzito, umepanga vibaya. Niliichukia siku ileile. Miaka yote napanga magari bila tone, leo tone ndilo litanifundisha kazi?

Asubuhi moja likaja lori la dagaa. Magunia yamepanda mpaka juu, kamba zimekaza, ukiliangalia unaona hili peke yake linatosha kuzamisha kisiwa. Nyuma yake kulikuwa na pikapu kuukuu iliyofunikwa turubai. Nikaliheshimu lori, nikaliachia upande mzima wa kushoto. Kulia nikajaza magari madogo ili yalisawazishe, na ile pikapu nikaisukumia ukingoni kabisa. Nahodha akachungulia akasema, "Mpangaji, tone limekimbilia kushoto, kulia kumelemewa." Nikamjibu kwamba tone ni bovu, lori liko kushoto, hata mtoto anaona. Alishuka taratibu, akaenda kuinua turubai la pikapu. Chini yake kulikuwa na misumari na vipande vya nondo, imejaa mpaka mlangoni. Na dagaa wakavu, mwanangu, ni wepesi kama makapi. Tulipanga upya kabla kamba hazijafunguliwa, abiria wakiguna, na mimi nikijifanya nina kikohozi.

Nilikusimulia zamani ukacheka sana. Lakini kipande kimoja sikukusimulia kwa sababu sikuwa nimekifikiria. Lile tone halikujua kama kulia kuna misumari au kuna ng'ombe. Ng'ombe anasogea, msumari hausogei, na ukivipanga kwa namna moja utajuta. Tone lilisema tu kwamba upande huu kuna kitu. Ilibaki mtu aende akainue turubai. Nimelifikiria jambo hili leo, na ndiyo maana limeingia kwenye barua.

Daraja lilipofunguliwa, kazi yangu ikaisha, nikajenga kitalu hiki. Watu wa Busisi walikuja kukitazama, wakauliza kama ninafuga kuku wa kizungu. Msimu wa kwanza nilipanda nyanya, kantangaze akaingia. Wewe ulikuwa bado chuoni. Huyo mdudu unamjua, anachimba jani kwa ndani, halafu anahamia kwenye tunda, na ukiinua nyanya unakuta tundu kama la sindano. Nikamkabili kama nilivyolikabili lile lori, kwa macho. Nikiona mdudu, napiga dawa. Nisipoona, napiga vilevile, kila Jumamosi, ili asijisahau. Mama yako alikuwa anasema Jumapili yeye anakwenda kanisani, Jumamosi mimi nakwenda kwenye bomba, kila mtu na dini yake. Na wadudu wakaongezeka, na inzi weupe wanaofyonza majani wakaja juu yao. Hapo ndipo udadisi uliponianza, nakiri. Nilijiuliza, hivi kitu kinachouawa kila wiki kinawezaje kuongezeka?

Ulirudi na jibu ndani ya kikopo. Nakumbuka ulivyonishikisha ile lenzi yako ndogo ukaniambia nichungulie. Sikuona kitu. Ukasema, "Tazama hizo nukta, baba." Kumbe nukta zilikuwa na miguu. Nyigu, mdogo kuliko kichwa cha sindano, hana habari na mtu wala na nyanya, kazi yake ni kumtafuta mtoto wa inzi mweupe aliyejibanza chini ya jani na kutaga yai ndani yake. Baada ya siku gamba la yule mtoto linageuka jeusi, na anayetoka humo si inzi, ni nyigu. Nilikaa siku nzima nikilifikiria jambo hilo. Mimi nilikuwa naua polisi na wezi kwa risasi moja, kisha nashangaa wizi unazidi.

Halafu ukaniwekea programu kwenye simu. Nayo niliichukia, kama ile pimamaji. Unapiga picha karatasi ya njano yenye gundi, yenyewe inahesabu walionasa, inapima na joto la kitaluni, inakupa rangi. Kijani, endelea na shughuli zako. Njano, kuwa macho. Nyekundu, inakupa ushauri wa hatua ya kuchukua, na dawa ikiwemo. Lakini kabla ya ushauri inakuuliza swali, "Umekagua chini ya majani?" Kuna Ndiyo na kuna Bado. Nikakuambia mimi sihojiwi na simu. Ukacheka, ukabonyeza Ndiyo, tukaendelea. Na kwa kweli kwa muda mrefu ilitufaa. Nyanya zikatoka salama, tukahamia kwenye hoho, bomba likaota utando wa buibui pale ukutani, nami nikaanza kujisifu kwa majirani kana kwamba simu niliizaa mimi.

Mpaka siku ile ya wadudu wa ziwani. Sitaki uikwepe, ndiyo sababu naitaja. Walipanda juu ya maji tangu alfajiri kama moshi wa jiko, wale wadogo wasiouma, upepo ukawaleta moja kwa moja kwetu. Walijaa machoni, kwenye chai, kwenye ndoo. Mama yako, Mhaya wa watu, akiona mdudu amekuja kwa wingi swali lake la kwanza ni kama analiwa, na akawakumbuka senene wa kwao mpaka akasikitika. Mimi nilikuwa nawapangusa usoni huku naimba. Wewe ukaingia kitaluni, ukapiga picha karatasi za njano, simu ikawa nyekundu kama pilipili. Ikakuuliza kama umekagua chini ya majani. Ukabonyeza Ndiyo, kwa sababu jana yake ulikuwa umekagua. Ukashusha bomba.

Manyigu wetu wote walikufa siku ile. Na inzi weupe walipokuja kweli, baadaye, hawakumkuta wa kuwazuia. Hoho zikanata, zikaota masizi, mteja wetu wa hoteli akazigeuzageuza mkononi akazirudisha kwenye kreti. Ulilia nyuma ya tangi la maji ukidhani hakuna anayekuona.

Kuna jambo lililonishangaza kuliko yote, na mpaka leo linanishangaza. Mimi niliwajua wale wadudu tangu nazaliwa. Nilikuwa nawapangusa kwenye kope zangu dakika ileile simu inawahesabu kama inzi weupe. Haikunijia akilini kwamba mdudu anayenata kwenye uso wangu anaweza kunata kwenye karatasi. Wewe uliijua simu, mimi nililijua ziwa, tumesimama mita chache, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Simu nayo ilikosea, ndiyo, lakini nani alikuwa ameiambia kwamba duniani kuna ziwa?

Kisha ukawaandikia wenye programu. Nilisoma begani kwako. Uliwaeleza kwamba inachanganya wadudu wa ziwani na inzi weupe, ukaweka na picha. Halafu ukaongeza, "Na mimi nilibonyeza Ndiyo bila kukagua." Nikakuambia futa hiyo, unajianika bure mbele ya watu. Ukasema, "Baba, nikifuta hiyo watarekebisha picha tu. Swali litabaki vilevile, na kila mtu ataendelea kubonyeza Ndiyo." Ukakataa katakata. Walipojibu wakikuita ukafanye kazi nao Arusha, waliandika kwamba picha za makosa wanatumiwa na wengi, ila sentensi ile hawakuwahi kutumiwa. Mimi ningeifuta, Kabula. Umri wote huu, ningeifuta. Nilitoka nje nikajifanya naangalia bomba la maji, kwa sababu nilikuwa najivunia wewe kuliko nilivyotaka uone.

Tuje mchana wa leo.

Ulikuwa umeshaondoka. Nikapiga picha karatasi zangu kama kawaida, ikaja nyekundu. Na ziwani wale wadudu walikuwa wamepanda tangu asubuhi, uliwaona mwenyewe ulipokuwa unasubiri gari. Unajua kitu cha kwanza kilichonijia? Nilicheka. Nikaiambia simu, we bibi, umerudia kosa lako. Ni wadudu wa ziwani hawa, mimi sidanganyiki mara mbili. Nikaiweka mfukoni, nikachukua jembe.

Nilikuwa nimefika karibu na shimo la mbolea nilipolikumbuka lile lori la dagaa. Nikasimama. Safari ile macho yangu yaliona lori kubwa yakaacha kuuliza. Na leo yameona moshi ziwani yakaacha kuuliza. Zamani nilikuwa mtu wa kupiga dawa bila kuangalia, sasa nimekuwa mtu wa kutopiga dawa bila kuangalia, na nikawa najiona nimeendelea.

Nikarudi. Nikatoa lenzi yako kwenye msumari wake. Simu ilikuwa bado inasubiri na swali lake. Nikabonyeza Bado. Hebu fikiria, tangu uniwekee kitu hiki sijawahi kubonyeza Bado. Nilidhani itanigombeza. Ikaandika tu, "Sawa. Kagua majani ya chini, kisha rudi."

Kukagua majani ya chini ya hoho kunataka magoti. Nikapiga magoti safu ya nyuma kabisa, nikageuza jani, nikaona magamba meusi. Jani jingine, meusi. Wapo, Kabula, wale uliowaleta upya kwenye kikopo wamezaa, wanafanya kazi. Nikaenda kwa magoti safu kwa safu, kila jani nalichungulia, na nikasahau kabisa kwamba nina mgongo. Mama yako akaja mlangoni. Akaniona nimepiga magoti katikati ya hoho, kichwa chini. Akaacha kutembea, akainamisha kichwa chake naye, akasubiri kwa heshima. Nadhani aliamini hatimaye nimeokoka, na tena kwa ajili ya safari yako. Nilipofika safu ya mlangoni nikasema kwa sauti, "Yupo hapa huyu mshenzi," ndipo akajua si sala.

Alikuwepo kweli. Kwenye safu ya mlangoni magamba yalikuwa meupe, mengi, hai, na ukitikisa mmea inzi wanaruka kama unga. Kwa hiyo simu ilikuwa kweli na ilikuwa uongo. Karatasi za nyuma zilijaa wadudu wa ziwani. Karatasi ya mlangoni ilijaa inzi weupe. Nyekundu ni ileile moja.

Sasa udadisi ukanipanda. Kwa nini mlangoni tu? Wavu haujachanika, nimeupapasa wote. Nikatoka nje nikiwa bado na lenzi mkononi, mama yako akiniuliza napeleleza nini. Nikamtazama mkononi. Ameshika fungu la matembele, ametoka kuyachuma palepale, kwenye lile tuta lake kando ya mlango. Nikamwomba jani moja. Nikaligeuza. Mwanangu, ni mji mzima. Wanakaa humo, wanazaliana, na kila anayepita akiyagusa matembele kisha akafungua mlango anaingia nao kwenye nguo kama wageni wa harusi. Jana usiku tuliila mboga ile na sote tukaisifia.

Nilichofanya ni hiki. Majani ya chini ya safu ya mlangoni niliyakata, nikayafunga kwenye mfuko, nikayachoma. Mimea iliyobaki ya safu hiyo niliiosha kwa maji ya sabuni, jani kwa jani, chini yake. Nikaning'iniza karatasi nyingine za njano pale. Safu nyingine sikuzigusa, nimewaachia manyigu. Bomba bado lina utando wake wa buibui, kesho ukitaka lipitie ukalione. Matembele nayo yatang'olewa na kuhamishiwa karibu na jiko, jambo ambalo mama yako bado hajalijua, na nimelipanga nimweleze wewe ukiwa umeshavuka daraja, ili usishuhudie baba yako akipigwa.

Huenda nimekosea. Hilo nalisema waziwazi. Hoho zimechanua, na kama manyigu hawatawahi kufika safu ya mlangoni, msimu huu utaondoka kama ule. Sina uhakika. Nilichonacho ni hamu ya kujua. Kesho kutwa nitapiga magoti tena niangalie kama gamba hata moja pale mlangoni limeanza kuwa jeusi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilisubiri kitu kwa hamu hivi. Labda wewe kuzaliwa, na mvua ile iliyokupa jina.

Nikuombe jambo moja la huko uendako, na si ushauri, ni ombi la mkulima. Ile programu inauliza swali zuri moja. Waambie waongeze jingine: "Nje ya mlango umepanda nini?" Hapa kwetu hakuna aliyeliwaza, si aliyesoma sana wala aliyeishi sana. Mama yako alipanda matembele kwa upendo, mimi niliyapita kila siku, wewe uliyala. Na chombo kisichouliza hakiwezi kutushtua. Kingetuuliza, hata mimi na ubishi wangu ningegeuza shingo.

Kumbuka pia kwamba anayeshika simu upande wa pili anaweza kuwa mtu kama mimi, anayejua kuchukia pimamaji. Usimkasirikie. Mpe swali ambalo likimkuta ana haraka litamfanya asimame. Mimi limenisimamisha la leo, na lilikuwa na maneno manne tu.

Chini kabisa ya ushauri wao kuna kisanduku cha maoni. Siku zote nilikiruka, nikiamini hakuna anayevisoma visanduku. Juzi uliniambia kazi yako ya kwanza huko itakuwa kusoma hivyo. Basi leo nimebonyeza Ndiyo ya kweli, nikajaza. Nimeandika, "Nimekagua chini ya majani. Inzi wapo, safu ya mlangoni tu. Kwingine manyigu wako kazini. Sijapiga dawa. Nje kuna matembele, hamkuniuliza." Nikabonyeza tuma. Ikanijibu, "Asante. Maoni yako yatasomwa."

Sasa yatasomwa na nani, Kabula, kama wewe umebaki hapa unanichunga?

Ni mimi baba yako, magoti yamejaa udongo.